Buti za Mama Koki

Wifi yangu ni mwoga. Sisemi hivyo kumvunjia heshima, mwenyewe hakatai. Akisikia panya darini anapanda kitandani na viatu. Sasa nieleze mtu huyo aliendaje kuchagua kazi ya kukagua bomba. Kila asubuhi gari la idara ya maji linamshusha jangwani, naye anatembea kilomita kumi na mbili kando ya bomba kuu, akishuka chemba moja baada ya nyingine kuangalia kama koki zinavuja. Mtaa mzima unamwita Mama Koki.

Chemba ni shimo la zege lenye mfuniko wa chuma na ngazi fupi. Juu mchanga unaunguza, chini kuna ubaridi na unyevu, kwa hiyo kila kiumbe chenye sumu kinapenda kujilaza kule. Wakaguzi wa bomba wana utaratibu wao. Kabla ya kufunua mfuniko wanaukanyaga kwa kishindo mara tatu, wanasubiri nyoka ajisogeze kwenye ufa wake, ndipo wanashuka.

Mwezi uliopita mwenzake, yule waliyempa jina la Kamanda kwa sababu haogopi kitu, aliumwa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Alikuwa amevaa buti fupi za stoo ya idara. Alipona, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Wifi alipotoka kumtazama hospitali hakutia kitu mdomoni siku mbili. Nilimkuta jikoni ameshika kisu na kitunguu, hakati, anaitazama miguu yake mwenyewe.

"Si uache kazi?" kaka yangu akamwambia. Huyo dawa yake ya kila tatizo ni kuacha.

"Niache, halafu? Kamanda hayupo. Zile koki nani anazijua? Ikipasuka moja, mji mzima unakaa bila maji."

Stoo ya idara ina buti za kiume tu, na ndogo kabisa ni namba arobaini na moja. Wifi anavaa thelathini na saba. Miaka yote alikuwa akisokomeza vitambaa mbele, na bado kisigino kilicheza ndani kila alipokanyaga ngazi. Mtunza stoo alimshauri avae soksi tatu. Jangwani! Nilitamani nimvishe yeye hizo soksi, kichwani.

Basi Jumamosi tukaenda wenyewe kwenye duka la vifaa vya kazi. Mimi ni fundi cherehani, nashona mashuka ya hospitali, nikajipa cheo cha mkaguzi wa uzi. Muuzaji akatuletea buti za rangi ya waridi.

"Hizi ndizo za akina mama."

"Akina mama wanaomwagilia maua?" nikamuuliza. Akarudi kwenye rafu amenuna.

Wifi hata hakucheka. Kila buti aliyopewa aliibonyeza kwa kidole gumba palepale alipoumwa Kamanda, kuona kama ngozi itabonyea. Za chuma mbele alizikataa, kwa sababu saa saba mchana chuma kile kinakaanga vidole. Akataka zenye plastiki ngumu. Mimi nikaangalia kama ulimi wa buti, ule wa chini ya kamba, umeshonwa pande zote hadi juu, mchanga usipenye, na kama soli imeshonwa kwa uzi, maana gundi peke yake inaachia kwenye joto. Tulimaliza duka zima ndipo tukapata pea moja. Shingo ndefu karibu na goti, ngozi nene, thelathini na saba kamili, soli nene na laini. Akatembea nayo hadi mlangoni na kurudi.

"Hata sijisikii nikikanyaga," akasema.

"Soli hiyo inameza kila kishindo, mama," muuzaji akajisifu. "Mgongo hauumi."

Tukafurahi wote watatu. Wajinga watatu.

Jumatatu alifika chemba ya saba. Akakanyaga mara tatu, akasubiri, akafunua, akashuka. Kwenye ngazi ya tatu kitu kilimpiga mguuni kama jiwe la kurushwa. Alikuwa nyoka mfupi, mnene, rangi ya mchanga, kang'ang'ania ngozi ya buti, kisha akaanguka chini. Wifi hakumbuki alivyopanda. Alijikuta amelala mchangani anamwita mama yake, ambaye alishafariki. Akavua buti, akavua soksi, akaukagua mguu kila upande. Hakuna hata mkwaruzo. Ndipo akaelewa kwamba alikanyaga, ndiyo, lakini mfuniko haukulia. Soli ilikimeza kishindo chake, na nyoka hakuwa na habari kwamba kuna mtu anakuja.

Alinisimulia hayo jioni, amekaa kando ya cherehani yangu na buti mapajani. Kwenye ngozi kulikuwa na alama mbili ndogo za meno. Niliingiza mkono ndani, nikapapasa bitana nyuma ya alama zile. Ilikuwa kavu, sumu haikupenya, lakini machozi yalinitoka.

"Tuzirudishe," nikasema. "Tutafute za soli ngumu."

"Za namba yangu?"

Nikautoa mkono ndani ya buti. Duka tulilimaliza wote wawili.

"Nitagonga mfuniko kwa nyundo ya kaka yako," akasema.

"Na ukisahau?"

"Sitasahau." Aliisema kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na sikuamini.

Asubuhi alikaa kwenye kiti cha mlangoni, nyundo miguuni. Akajaribu kufunga kamba, vidole vikakataa. Nikapiga magoti nikamfungia mimi, tundu kwa tundu, hadi karibu na goti.

"Unaanzia wapi leo?"

"Ya saba. Ile koki sikuiangalia."

Nikatamani asingenijibu. Gari likapiga honi nje. Kamba zilikuwa zimeshafungwa, lakini mikono yangu miwili bado ilikuwa imeushika mguu wake, na sikuweza kuitoa. Honi ikalia tena.

"Wifi," akasema taratibu, "niachie."