Mama Neema alivyoenda Kiruna kama anaenda kwa wakwe

Akili yangu imekataa, jamani. Leo ni siku ya kumi na moja, na simu ikilia bado nasema huyo ni Mama Neema, ametoka shifti.

Wengi mmeniuliza inbox. Ni moyo. Ulisimama Jumanne asubuhi, nyumbani kwake Märsta, hapa Sweden, akijiandaa kwenda kazini.

Tangu siku hiyo sijui kukaa chini. Nafua nguo ambazo ni safi. Haya nimeandika nikafuta mara tatu, nivumilieni.

Kwa wasiomjua: alikuwa mama wa Bukavu, Kongo, amelea wasichana wawili peke yake, Neema wa miaka kumi na sita na Riziki wa saba. Tulijuana tukisafisha ndege uwanja wa Arlanda, mimi nikiwa na mimba ya miezi mitano. Supavaiza akigeuka tu, ananisukuma kwenye kiti. "Kaa, petite, mdogo wangu. Weye leo ni abiria."

Halafu akasafisha safu zangu na zake.

Neema wake ni mtoto wa hesabu. Mwaka jana akasema anataka sekondari ya kule Kiruna, kaskazini kabisa, wanakofundisha mambo ya anga za juu. Nje ya mji ule kuna kituo cha kurushia roketi, na shule imefuata kituo. Watoto wanatoka Sweden nzima, wanapanga vyumba kwa watu.

Kwenye fellowship yetu Hässelby kina mama walimvaa. Mtoto wa kike, peke yake, kwa Mzungu asiyemjua, kwenye giza lile la miezi? Mama Neema akamaliza andazi lake taratibu. "Ninyi wote mlisoma bweni na mnajisifu. La Neema ndilo limekuwa dhambi?"

Lakini mimi nilijua anaogopa, maana kwenye treni ya kurudi alinishika mkono mpaka stesheni ya T-Centralen.

Akaniambia mtoto haendi nyumba ambayo yeye hajaiona. Akaunganisha siku mbili za ofu, akanunua kitenge, akagandisha sombe, kisamvu cha kwao. "Tunaenda kwa wakwe," akasema. Mimi nilikuwa shangazi na mkalimani, mwanangu mgongoni. Neema alikaa behewa lingine kwa aibu.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja, Gunvor. Marehemu mume wake alifanya kazi kituoni, alikuwa akienda porini kutafuta vipande vya roketi vilivyoanguka. Kimoja kiko uani, bibi amepanda vitunguu ndani yake.

Mama Neema aliuliza yote. Mlango unafungwa saa ngapi? Wanakula pamoja? Mtoto akishikwa na homa, nani ananipigia? Kisha akafungua friji ya watu bila ruhusa. Nilitamani sakafu inimeze.

Gunvor alicheka. Akasema karibu kila nyumba ya mtaa ule imelea mtoto wa mtu kwa ajili ya shule hiyo, na yeye mwenyewe amelea kumi na wawili. Hakuna mzazi aliyewahi kukagua friji. Akatoa sufuria kubwa, akasema basi pikeni.

Tukapika sombe Kiruna! Jirani mmoja, mfugaji wa wale ren, kulungu wa nchi za baridi, alivutwa na harufu akaingia. Alituambia hupigiwa simu kabla roketi haijarushwa, ili atoke porini na mifugo yake. Siku hiyo simu ilisema upepo ni mbaya, wameahirisha, ndiyo maana ana nafasi ya kula. Watu wa kule wanaulizana upepo kama sisi tunavyoulizana hali.

Kesho yake shuleni, mama wa kantini alitueleza kwamba puto la utafiti likipaa, watoto wanaacha chakula na kukimbilia madirishani, na yeye anawawekea kikiwa moto. Mama Neema akamtazama muda mrefu. "Sawa," akaniambia. "Ni bon. Hapa kuna wazazi."

Barua ya kukubaliwa ilipokuja alipiga vigelegele chumba cha kubadilishia nguo kazini. Jibu la Neema lilitakiwa kufika mwisho Ijumaa hii.

Na yeye akaondoka Jumanne ile.

Kamati ya msiba ilikaa kwangu, Vårby gård. Wakasema, kwa upole kabisa, kwamba Neema sasa ndiye mama wa Riziki, atafute shule ya karibu. Neema kila siku hutujibu kwa Kiswidi. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili, "Anti, siendi. Nimeshaamua."

Mimi nilifanywa mama nikiwa na miaka kumi na tano, mama yangu alipofariki. Nikaacha kidato cha pili, nikalea wadogo zangu, nawapenda, na mpaka leo nikipita shule mguu unakuwa mzito. Hiyo sikuwahi kumwambia mtu. Niliwaambia wote, nikiwa nimesimama, na chai ikipoa.

Nikasema Riziki atalala kwangu. Vyumba ni viwili, tutabanana. Watu wa soshali, wale wa ustawi wa jamii, wamekuja juzi, wameona kitanda chake, wamesema kwa sasa inawezekana. Hilo "kwa sasa" ndilo linanifanya nizunguke nyumba, lakini nina imani.

Siku mbili nzima Neema alikuwa akimsuka Riziki na kumfumua.

Leo ni Ijumaa. Asubuhi amekuja jikoni na simu, akaniuliza, "Riziki ukimsuka, utamsuka polepole? Ana kichwa laini." Nikamwambia nitamsuka polepole. Akabonyeza ndiyo, hapo hapo mbele yangu, akaegemea begani kwangu akalia kama mtoto, maana ni mtoto.

Dada yangu, mwezi wa nane nitampeleka mwenyewe. Nitauliza maswali yote tena, hata yale ya aibu.

Mkubwa anaenda shule. Mdogo yuko kwangu, ameamka, anataka uji. Wewe sasa lala, Mama Neema. Lala salama, hakuna shifti kesho.