Mbio za Mwanahawa Bila Mpira

Uwanja wa shule yetu pale Ikwiriri ulinuka ufuta. Wakati wa mavuno wafanyabiashara waliuanika kwenye maturubai kando ya barabara, na upepo wa jioni ukatuletea harufu yake hadi magolini. Nilikuwa kidato cha pili, nacheza winga ya kulia, na timu yetu ya wasichana ilikuwa na mbinu moja tu: mpira ukipatikana upigwe mbele kwa nguvu, Mwanahawa ataukimbilia. Mwanahawa alitoka Maparoni, kule deltani, akiishi mjini kwa shangazi yake ili asome, na hakuna beki aliyemweza kwa mbio. Mwalimu Athumani, kocha wetu, hakuona haja ya mbinu ya pili.

Muhula ule akaja Madamu Upendo, mwalimu wa jiografia kutoka Njombe, aliyewahi kuchezea timu ya chuo chake. Mwalimu Athumani akamkabidhi washambuliaji, yeye akabaki na mabeki na kipa. Siku ya kwanza Madamu aliukalia mpira, akatuambia tucheze bila huo mpira. Tulicheka. Mimi, ambaye mama alizoea kunituma dukani ili apumzike na maswali yangu, nilitaka kujua maana yake. Akaniambia nitazame wenzangu wanakokwenda. Tabu ilianza alipomrudisha Mwanahawa kiungo. Tulipojipima na timu moja ya Ngorongo tulifungwa vibaya, kila pasi fupi ikitupotea miguuni. Kesho yake Mwanahawa hakuja mazoezini, wala kesho kutwa, na mechi ya kuchagulia wachezaji wa timu ya wilaya ilikuwa imekaribia.

Nikamfuata Madamu, nikamwamkia, nikamwuliza kwa nini amemwondoa mbele mtu pekee anayetufungia. Alijibu kwamba kila timu inajua mpira wetu unakwenda kwa nani. Nikamwuliza tena kama amemweleza hivyo Mwanahawa mwenyewe.

"Sijamweleza," alisema. "Nipeleke kwao."

Tulimkuta shangazi barazani akipepeta mchele. Madamu aliomba ungo mwingine, akaketi mkekani kumsaidia, na pumba nyingi zikaishia kwenye sketi yake. Mwanahawa alikataa kukaa. Madamu akamwuliza huwa anaona nini akiwa kule mbele.

"Naona mpira tu, madamu. Na mabeki wawili wananipumulia kisogoni."

"Wakikufuata wewe, wanaacha wazi wapi?"

Mwanahawa alifikiri, kisha akachuchumaa, akachora goli kwa kidole kwenye pumba zilizomwagika. Wakabishana pale sakafuni mpaka shangazi akaleta chai. Mwishowe wakakubaliana: atarudi mbele, lakini mara nyingine atakimbia kwa ajili ya kuwavuta mabeki, mpira uende kwa mwingine.

Siku ya mechi Mwanahawa alichomoka kuelekea kwenye kona, mabeki wawili wakamfuata, na mpira ukaja kwangu. Mbele yangu palikuwa peupe kiasi kwamba nilisimama kupashangaa, nikapokonywa. Mwalimu Athumani alishika kichwa. Kipindi cha pili Mwanahawa alichomoka tena, na safari hii sikusimama; nilipiga, nikafunga. Bao lile lilitupa ushindi. Lakini wachaguzi walinichukua mimi, Mwanahawa wakamwacha kwa kuwa hakufunga. Madamu alikwenda kuwaeleza walichokosa kuona, akarudi amekunja uso. Mwanahawa alinivulia viatu vyake, kwa sababu vyangu vilikuwa vimeachia soli.

Sasa naishi Kibiti. Wasichana wa hapa hujifunza mbinu kwenye simu, huzitaja kwa majina ambayo sisi hatukuwa nayo, na wakifunga bao hulitazama tena na tena kabla jasho halijakauka. Juzijuzi Mwanahawa alikuja kutoka Maparoni kumleta mwanawe kliniki, akafikia kwangu. Nilimwuliza jambo nililojiuliza miaka yote: alijisikiaje kukimbia vile akijua mpira hauji?

"Nilikuwa nageuka nyuma," alisema. "Sikuwa nimewahi kuwaona nyinyi mnacheza."

Bao lile halina picha popote. Aliyeliona vizuri kuliko sisi sote ni yeye, kutoka kule kwenye kona, na jioni hiyo aliyofikia kwangu alinisimulia lote, hata nikajua kwamba nilifunga nikiwa nimefumba macho.