Mkate wa Lalla Zhor Usio na Jina

Kwa miaka kumi na tisa Larbi Senhaji aligonga mihuri katika ofisi ya kuandikisha vizazi mjini Meknes, na kwa miaka hiyo yote mama yake hakuwa na habari tamu kuliko hiyo. Lalla Zhor akienda sokoni kununua nanaa, neno "serikalini" litamtoka kabla hajauliza bei. Akiumwa jino, daktari atajua mtoto wa mgonjwa anafanya kazi wapi kabla hajaambiwa ni jino lipi. Mume alimfia mapema, akamlea huyo mmoja kwa kushona kanzu za watu, na siku Larbi alipopewa kiti, meza na mshahara wa mwezi, mama alipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Sasa fikiria mwenyewe alivyoipokea habari kwamba mwanawe, mtu wa miaka arobaini na minne, kipara kimeshaanza kumpigia hodi, ameandika barua ya kuacha kazi ili akachome mikate.

Tanuri lenyewe liko mwisho wa kichochoro chao, limeegemeana na hamamu, bafu la umma la mtaa. Kila asubuhi nyumba za mtaa hukanda unga wao, hupanga mikate juu ya ubao, huifunika kitambaa na kuipeleka huko kuchomwa. Ba Allal, mwenye tanuri, alianza kuuchomea mtaa ule kabla Larbi hajazaliwa. Ila magoti sasa yalikuwa yamegoma kushuka kwenye shimo anamosimama mchomaji mbele ya mdomo wa moto, na wanawe wako Ubelgiji, hawataki kusikia habari za moshi. Akatokea tajiri mmoja anayetaka kulibomoa tanuri aweke duka la mikoba ya watalii. Larbi alisikia hayo jioni moja alipopita kuchukua mkate wake, na badala ya kwenda nyumbani akakaa juu ya gunia la pumba.

"Ba Allal, nipe mimi."

"Nikupe nini, si mkate wako huo?"

"Tanuri."

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Wewe? Na hiyo mikono ya bibi harusi?"

Acheke, lakini Larbi hakuwa na mzaha. Miaka kumi na tisa watu walimjia dirishani wakiwa na furaha kubwa kuliko zote, wamepata mtoto, naye kazi yake ikawa kuwaambia warudi kesho, karatasi moja imepungua. Hakukumbuka mtu aliyeondoka dirishani pake akitabasamu. Kwa Ba Allal kila mtu aliondoka akitabasamu, tena akimega ukingo wa mkate njiani.

Mkewe, Ghita, alimsikiliza mpaka mwisho. "Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na muhuri," akasema. "Ila mama yako utamwambia mwenyewe. Mimi simo."

Larbi alimkuta mama yake anachekecha unga.

"Nimehangaika mpaka ukaingia serikalini," Lalla Zhor akasema, "leo unatoka unaingia shimoni?"

"Mama, ni shimo la kusimama tu."

"Na kaburi ni shimo la kulala tu! Sikulaani, Mungu aniepushe. Lakini radhi zangu nimezifungia kabatini, na ufunguo ninao. Na unga wa nyumba hii hautaingia kwenye moto wako."

Kesho yake alianza kununua mkate dukani, yeye aliyekuwa akisema mkate wa duka ni chakula cha njiwa. Watu wakimuuliza habari za mwanawe alijibu, "Yuko huko shimoni," akageuza mazungumzo. Larbi aliumia sana. Mshahara wa mwezi mtu anaweza kuukosa na akaishi. Lakini radhi za mama zikikosekana, hata ukifanikiwa unajiona kama umeiba.

Hata hivyo maji alikuwa ameshayavulia nguo. Ba Allal alimpa siku arobaini, yeye mwenyewe akiwa amekaa kigodani anatazama. Nyumba zikilalamika, tanuri linakwenda kwa mtu wa mikoba.

Siku ya kwanza nusura liende. Kuna nyumba thelathini na nne, na mikate yote ni ya duara, yote ya rangi moja. Kazi ya mchomaji ni kumrudishia kila mtu wa kwake. Larbi, karani hadi kwenye mifupa, alikuja na daftari na vipande vya karatasi vyenye nambari, akabandika kimoja kwa kila mkate kwa uji wa unga. Karatasi zikaungua, zikang'ang'ania kwenye ganda, nambari hazisomeki. Mchana kichochoro kizima kilikuwa mlangoni.

"Larbi, mkate wangu una kitambulisho?" akauliza Khadduj, jirani wa mama yake, mwanamke asiyeweza kuona kichekesho akakipita.

"Wangu umezaliwa tarehe ngapi?" akadakia mwingine.

"Nirudi kesho? Karatasi imepungua?"

Walicheka mpaka wakajifuta machozi kwa vitambaa vya mikate. Walipoondoka, Ba Allal aliliokota daftari akalitupa motoni.

"Mimi sijui kusoma," akasema, "na miaka hamsini sijampa mtu mkate wa jirani yake. Wengine huchoma tundu kwa uma, wengine hupiga chapa. Hizo alama zitakusaidia, lakini usizitegemee, maana alama mtu yeyote ataiiga. Tazama mkono. Kila mwanamke ana mkono wake, na unga hausahau."

Basi Larbi akaanza upya kama mtoto wa chuoni. Alijifunza kwamba mkate wa Khadduj una tundu nne za uma na umenona katikati, kwa kuwa mwenyewe hana subira ya kuusawazisha. Mjane wa mwalimu mkate wake ni duara kamili, ungedhani umepigwa kwa bikari. Nyusi za kushoto ziliungua, mikono ya bibi harusi ikaota malengelenge, na Larbi akawa anaimba. Ndiyo, akiimba, vibaya mno, mpaka wanaooga hamamu wakagonga ukuta. Wiki ya tatu hakukosea hata mkate mmoja.

Lakini kila asubuhi alinyanyua kichwa kutoka shimoni akakitazama kichochoro, akitafuta kitambaa cha mistari ya buluu cha nyumbani kwao. Hakikuja.

Siku ya thelathini na nane Khadduj alileta ubao wenye mikate saba. Siku zote huleta mitano.

"Una wageni?"

"Wageni, ndiyo," akajibu, macho yakiwa darini.

Yote saba ilikuwa na tundu nne za uma. Larbi aliinua mmoja, wa pili, wa tatu. Alipofika wa sita mkono ulisita. Huu ulikuwa mwembamba upande mmoja, umeinama kidogo. Wa saba vilevile.

Larbi alipokuwa na miaka sita, mama yake aliteleza kwenye ngazi za hamamu akavunjika kifundo cha mkono, mfupa ukaunga kombo. Tangu siku hiyo kiganja chake hukandamiza zaidi upande mmoja, na mikate yake yote huinama. Larbi alikua akigombania ule upande mwembamba, maana ndio unaokauka vizuri. Hapo shimoni, kwenye joto lile, macho yalimjaa maji, na halikuwa jambo la moshi.

"Unasinzia?" akafoka Ba Allal.

"Hii miwili si ya Khadduj."

Ba Allal aligeuka kumtazama Khadduj.

"Mimi nimeapishwa," akasema Khadduj. "Sikuona, sikusikia."

Larbi aliichoma ile miwili peke yake, upande mwembamba mbali na moto, akaifunga, akapanda nayo ngazi za nyumbani kwa mama yake.

"Umepotea njia?" Lalla Zhor akauliza mlangoni. "Mimi nanunua dukani."

"Nimekuletea mikate yako, mama."

"Nani kasema ni yangu? Yule Khadduj na mdomo wake!"

"Khadduj hakusema kitu. Mkono wako ndio umesema."

Mama aliutazama mkono wake wa kombo, akauficha ndani ya mkono mrefu wa kanzu yake. Kisha akauchukua mkate, akamega upande mwembamba, akatafuna taratibu.

"Chumvi imezidi."

"Chumvi umetia wewe, mama."

"Nyamaza nile." Akamega tena, akampa na yeye kipande. "Wa dukani hauna mtu ndani yake," akasema baadaye, sauti imeshuka. "Mwezi mzima nakula mkate ambao haukukandwa na mtu."

Walikula wamesimama pale pale mlangoni. Larbi ndiye aliyethubutu kwanza.

"Na lile kabati, mama?"

"Kabati gani? Lile kitasa chake kilikufa kabla hujaoa. Lilikuwa wazi siku zote, wewe hukuja kulivuta." Akamfuta majivu kwenye zile nyusi zilizoungua, akamsukuma begani. "Haya, rudi kazini. Mikate ya watu inaungua."

Kazini, alisema. Larbi alishuka ngazi mbili mbili, kipande cha mkate bado kiko mdomoni.