Ini Lisilo na Nyongo

Daktari Akosua Birago hakuwahi kujifunza kuficha dharau. Wakubwa wake pale hospitalini Kumasi walishamwonya, naye akazidi. Kila Jumatano alipanga maini ya nguruwe, aliyoagiza yaletwe na nyongo zake, ndani ya masanduku yaliyofunikwa, akachomeka kamera, na madaktari wakajifunza kutoa mfuko wa nyongo kupitia matundu madogo huku wakitazama skrini. Aliyeshindwa sandukuni hakuruhusiwa kumfanyia mgonjwa hivyo. Idhini ilitoka kwa Birago.

Ndipo akaja Profesa Amponsah, mkuu wa idara, mtu wa kuingia wodini na msafara utadhani anakwenda kutawazwa. Alikuwa amemwahidi Maame Pokuaa, muuza samaki wakavu, kwamba kesho yake angemtoa nyongo yenye mawe kwa vitundu tu, na muda si mrefu arudi sokoni. Sanduku lenyewe hakuwahi kuligusa.

"Mwanangu, nimeanza kupasua watu wewe uko chekechea," alisema. "Michezo ya nyama waachie watoto."

"Basi cheza kidogo, Prof, tukuone."

Ini la nguruwe akalikataa, eti uchafu. Akamtuma dereva wake sokoni alete la ng'ombe. Likaja safi, linang'aa. Profesa akaingiza koleo, akavuta, akabana, akakata, huku akiwasimulia wanafunzi ushujaa wake wa Ulaya. Mwisho akachomoa kipande cha mafuta, akakiinua juu.

"Nyongo hiyo! Mbona hampigi makofi?"

Wakapiga, wapambe wale. Birago akafungua sanduku.

"Prof, wewe ni mtu wa Kumasi kweli? Mchinjaji gani wa hapa anauza ini na nyongo yake? Wanaiondoa kule kule machinjioni, nyama isiwe chungu. Hili limefika halina. Ulichoinua ni mafuta, na ulichokata ni mshipa wa damu."



"Kamera yako mbovu," akasema Profesa.

"Kamera ndiyo imekuumbua. Idhini sitoi. Niachie huyo mama, nitamfanyia mimi. Wewe simama karibu, shukrani utapokea wewe."

"Mgonjwa wangu nikupe wewe? Thubutu!"

Na kweli hakumpa. Kuliko kuazima mikono ya Birago, alimpasua mama wa watu kwa mtindo wake wa zamani, mkato mrefu chini ya mbavu. Alimpasua salama; hilo Birago alilikubali kwa shingo upande. Lakini alipopita wodini alimkuta Maame Pokuaa amejikunja, hata kukohoa anaogopa.

"Wamekuambia nini, mama?"

"Eti mashine iliharibika, dokta. Ila Prof hakunitupa, Mungu ampe maisha marefu." Akajaribu kujigeuza, machozi yakamtoka. "Hivi sinia langu la samaki nitaanza kulibeba lini? Wiki ijayo?"

"Miezi, mama," akasema Birago, na hakuweza kumtazama usoni.