Anayeuliza Namba za Viatu

Tulimwita Mama Kevina, lakini Kevina mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Alisema kamwacha Kampala kwa bibi yake mwaka 1980, ana miaka minne, na tangu hapo anangoja mtoto apewe kibali cha kuja huku ughaibuni. Miaka mitano sasa. Mimi nilikuwa siamini.

Jina la mama mwenyewe Eseza. Alikuwa anafua mashuka ya hospitali ya Flemingsberg, na Jumamosi mchana sisi wahamiaji tunakusanyika kwake, mtaa wa Spånga, kusali. Mimi nilifuata chapati. Ila daftari lake lilinitia wasiwasi. Mtu akija na binti, lazima amuulize, "Huyu kazaliwa lini? Anavaa kiatu namba ngapi?" Halafu anaandika.

Okech, Mkenya niliyekuwa naosha naye vyombo mgahawani Farsta, akaniambia, "Bwana, huyo mpelelezi. Serikali za kwetu huanzia kwa watoto. Wakijua wako wapi, wamekushika."

"Kwa namba za viatu?"

"Ndiyo ujanja wenyewe. Angeuliza anwani si ungeshtuka?"

Nikaona kweli. Tukawanong'oneza wengine.

Jumamosi moja ya Novemba, watu wamefumba macho, nikajipenyeza chumbani kwake, nikafungua kabati. Nilitegemea kukuta karatasi, labda picha zetu. Nikakuta buti za theluji za mtoto, jozi tano, zimepangwa kuanzia ndogo. Hakuna hata moja iliyowahi kukanyaga chini.

"Unatafuta nini, mwanangu?" Yuko mlangoni.

"Chumvi, mama."

"Tangu lini chumvi ikalala na viatu?"

Akakaa kitandani. Akauliza kama namjua Hana, mama yake Samweli wa kwenye Biblia. Nikasema si yule aliyeomba mtoto mpaka kuhani akadhani kalewa?

"Huyo. Alimngoja sana. Alipompata akampeleka kukaa nyumba ya Bwana, na kila mwaka akamshonea kanzu. Sasa anamwona mara moja kwa mwaka, kipimo alikijuaje? Mimi nadhani aliangalia watoto wa majirani." Akashika buti moja. "Kushona sijui, nanunua hizi. Siku aliyopanga Mungu ikifika, Kevina asikute sikumtayarishia."

"Na isipofika?"

"Nitanunua namba inayofuata. Wewe una haraka, hata shule uliyoijia huku hukungoja kuimaliza."

Nikaomba daftari, bado sikumwamini. Akanipa. Mabinti tu, wote waliozaliwa 1976 kama Kevina, namba zao mwaka kwa mwaka. Mwaka huu pako wazi.

"Watu wameacha kunijibu," akasema. "Sijui kwa nini."

Mimi nilijua.

Jumatatu nikaenda kwa Mueni, jirani yake Eseza, ambaye binti yake ana miaka tisa. "Dada, samahani. Mtoto wako anavaa kiatu namba ngapi?"

Mueni akarudisha mlango nusu. "Nani amekutuma?"

Nikamweleza habari ya Kevina na zile buti. Akasema anafikiria kwanza, akafunga. Nikakaa kwenye ngazi, nikamngoja.