Maneno Yaliyosomwa Sebuleni Kwangu

Mwanangu wa mwisho ana shahada na tai za kutosha, na bado sijaona mtu anayependa kujionyesha kama yeye. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nitamtetea.

Mali yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu mkubwa ambaye ni marehemu. Ng'ombe wa baba yake walikuwa Misungwi, wamewekwa kwa ndugu, kama wanaume wa kwetu wanavyofanya: wachache kwa huyu, wachache kwa yule, ili ugonjwa ukiingia zizi moja wasife wote. Ni akili nzuri mpaka siku mwenye ng'ombe anapokufa. Alipofariki mwanangu, ndugu waliokuwa wanakunywa maziwa yale wakaanza kusahau. Mmoja aliniambia, mimi mama wa marehemu, kwamba ng'ombe niliyekuja kumdai alizaliwa pale pale kwake, utadhani alimzaa yeye. Wale tuliowapata tuliwapata kwa kugombana. Mwanangu wa mwisho akawauza, akasema hela ataitunza mpaka binti aende chuo cha uuguzi.

Akaitunza kwenye sarafu za mtandaoni. Mimi nilikuja kuambiwa wakati mambo yameshapita.

"Mama, usiogope, haiko kwenye simu. Iko kwenye pochi," akanitolea kidude cheusi, ukubwa wake kama vidude wanavyowekea nyimbo za kwaya, kina kioo kidogo. "Simu inaonyesha tu. Kutuma, lazima nibonyeze hapa. Mwizi akiiba simu hapati kitu."

"Na akiiba hicho?"

"Kina namba ya siri. Akikosea sana kinajifuta."

"Na hela ijifute nayo?"

"Hapana. Nina maneno, ishirini na manne. Kidude kikiharibika naingiza maneno kwenye kingine, kila kitu kinarudi."

Nikamwambia hela ya kulelewa hivyo si hela, ni mgonjwa. Akacheka lile cheko lake la ofisini. Alikuwa amenunua vidude viwili, kingine bado kimo kwenye kasha lake, kwa sababu mtu wa kujionyesha hanunui kimoja.

Habari zikawafikia mashemeji zangu, kaka za mume wangu. Wakaitisha kikao hapa kwangu Mkolani, Jumapili baada ya ibada. Yule mkubwa wao hajawahi kumnunulia yatima huyu hata kalamu, lakini siku hiyo alikuja amebeba uchungu wa mali yake kifuani kama beji. Wakala michembe yangu ya viazi vitamu, wakanywa chai yangu, wakaongeza sukari bila kuuliza.

"Tulipoteza ng'ombe kwa kukosa mashahidi," mkubwa akaanza. "Safari hii mali itolewe hadharani, ukoo ushuhudie. Kijana, ng'ombe wako wapi?"

Mwanangu akaonyesha namba kwenye simu. Wakaipokezana, wakaigeuza nyuma na mbele.

"Hii ni picha," akasema mdogo wao. "Ukifa wewe kesho, tutakamua picha?"

Wakacheka. Na mwanangu, ambaye angeweza kucheka nao yakaisha, hakupenda kuchekwa. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatoa bahasha kwenye mfuko wa ndani.

"Baba wakubwa, msiseme nimeficha. Ufunguo wa mali ni maneno haya. Nitayasoma mbele yenu, muwe mashahidi."

Akaanza kusoma. Maneno ya Kizungu, moja moja, kwa sauti ya askofu. Mashemeji hawakuelewa hata moja, lakini walitikisa vichwa kila linaposomwa, kama watu wanaohesabu ng'ombe wakitoka zizini. Mtoto wa shemeji mkubwa, mwenye duka la vipuri Igoma, akanyanyua simu akawa anarekodi, maana kwao hata mtoto akipiga chafya inarekodiwa.

Mjukuu wangu akatoka jikoni na birika mkononi.

"Baba mdogo, acha kusoma!"

Mwanangu akamnyooshea kiganja anyamaze, akaendelea hadi neno la mwisho. Wakapiga makofi. Shemeji mkubwa akasema, "Amina."

Binti akaweka birika chini. "Karatasi ya kwenye kasha imeandikwa usimwonyeshe mtu yeyote. Hukuisoma?"

"Niliisoma. Hawa si watu, ni ndugu."

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Ndugu! Waliokula ng'ombe wa Misungwi walikuwa akina nani, Wachina?

"Mwenye maneno hayo hahitaji kidude chako," binti akasema. "Anaingiza kwenye chake, au kwenye simu tu, anachukua yote. Ada yangu iko humo, baba mdogo. Yote."

Mwanangu akakaa. Koti lilimfika masikioni.

"Futa hiyo video," nikamwambia yule wa vipuri.

"Mama mdogo," akasema, anaangalia chini, "nimeshaituma kwenye grupu la ukoo."

Grupu hilo lina watu wa Geita, wa Dar, na wengine hakuna anayewajua waliingizwa na nani. Akaifuta. Lakini watu watatu walikuwa wameshaitazama, na mmoja alikuwa ameweka mikono ya sala.

Nikachukua ungo, nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni.

"Simu zote humu."

"Shemeji, unatuita wezi?"

"Sijaita mtu. Nimesema simu kwenye ungo."

"Mimi mkubwa wa ukoo huu?"

"Ya mkubwa ianze."

Wakaweka huku wanaguna. Sikutaka kusikia. Walitaka hadharani, nikawapa hadharani. Ikabaki ya mwanangu na ya binti tu.

"Tunahamishia kwenye kile kipya," mwanangu akasema, na tayari analinyanyua lile kasha. "Kitatoa maneno mapya. Ngoja nikifungue."

"Mpe mwenye mali."

"Mama, huyu ni mtoto."

"Anakwenda kujifunza kuchoma watu sindano. Mpe."

Binti akakagua kasha, akahakikisha gundi ya kiwandani haijabanduliwa, akaingia chumbani kwangu na kalamu ya kuandikia maneno mapya, akafunga mlango. Mwanangu akataka kumfuata, nikamtazama tu. Akarudi kwenye kiti. Kwa muda ule wote mashemeji walikohoa zamu kwa zamu. Mkubwa akaomba kwenda chooni. Nikamruhusu, simu ikabaki kwenye ungo.

Binti alipotoka hakuwa na karatasi mkononi. Alikuwa na kile kidude kipya, kwenye kioo chake kuna mstari mrefu wa herufi na namba, pale hela inapotakiwa iingie. Akamtumia mwanangu mstari ule kwa simu. Mwanangu akauweka, akataka kubonyeza.

"Kwanza soma yaliyo kwenye kidude, si ya kwenye simu," binti akasema. "Mimi naangalia ya kwangu."

"Ni ndefu sana hii."

"Maneno ishirini na manne yalikutoka bila kuomba maji," nikamwambia. "Soma."

Akasoma. Herufi, namba, herufi, na safari hii kwa sauti ya mtu anayeungama. Binti akaitikia kila moja. Zikalingana mpaka mwisho. Akabonyeza.

Kisha tukakaa. Mtandao wa huku kwetu kwenye vilima vya mawe unakuja ukitaka. Binti aliishika simu yake kwa mikono miwili na hakuketi; midomo yake ilikuwa imekauka, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba mtoto huyu anaogopa, na kwamba alikuwa anaogopa tangu jikoni. Nilitamani kumpiga mtu. Walikuwepo wengi wa kuchagua.

"Imeingia," akasema.

Ilikuwa imepungua kidogo. Mwanangu akasema ni gharama ya kutuma, akaanza kunieleza inakwenda kwa nani. Nikamwambia afunge mdomo, kwa siku ile ulikuwa umeshafanya kazi ya kutosha.

Shemeji mkubwa akaokota simu yake kwenye ungo, akaipangusa kama niliiweka kwenye mavi. "Na mashahidi wa hayo maneno mapya ni akina nani?"

"Babu," binti akasema, kwa adabu zote, "mmeona imeingia. Hayo mengine ni yangu."

Shemeji aliondoka bila kumaliza chai.

Binti yuko chuoni sasa. Muda wa ada ukifika anauza kiasi anacholipa, basi. Mwezi uliopita mwanangu alinijia na sato mkubwa, wa bei, na kilo mbili za sukari. Alizungukazunguka na habari za kazini, mwisho akasema, "Mama, ile karatasi iko wapi? Kwa usalama tu. Lolote likitokea, mtu mmoja wa ukoo ajue."

Nikamwambia sijui, na sikujua kweli. Siku ile nilikaa mlangoni nimegeuzia chumba mgongo, kwa makusudi.

Akaangalia dari, akaangalia kabati, akaaga. Samaki nilimpika na nyanya.