Amri Iliyoitwa Pumzisha

Wewe unayenisikiliza, nataka kukueleza jambo la kompyuta, na usijikaze. Ukikwama mahali, ujue ni mimi niliyeeleza vibaya, si wewe uliyesikia vibaya.

Shika hili tu kwanza. Programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta ni kama mtu aliyeinamia shughuli yake. Ukiita, hasikii. Ukitaka kumfikia, lazima mfumo wenyewe umguse begani. Katika mashine za jamii ya Unix, mguso huo huitwa ishara. Ziko ishara nyingi na kila moja ina namba yake. Kuna ya kusema acha, ya kusema simama kwanza, ya kusema haya endelea. Na amri ya kuzituma zote, hata hiyo ya kusema endelea, inaitwa kill. Yaani ua.

Waliochagua jina hilo hawakuwahi kufanya kazi katika duka la kuchapa vijitabu vya mazishi.

Mimi nilifanya. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, pale Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, ambapo vumbi la malori ya simiti lilikuwa likikalia kibodi kila asubuhi kabla yetu. Tulichapa kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili na, zaidi ya yote, vijitabu vya mazishi vyenye picha ya marehemu, ratiba ya ibada na wasifu. Mwenye duka alikuwa mzee wa kanisa kutoka Ukambani, mtu mkarimu, mwenye sauti ya kwaya hata akiomba stepla. Alikuwa na kompyuta moja yenye nguvu, na skrini tatu na kibodi tatu zilizounganishwa nayo. Mtu alimwambia mfumo wa Linux ni bure na haushikwi na virusi. Sidhani alisikia hiyo sehemu ya virusi.

Katika duka lile hakuna mtu aliyewahi kufa. Watu walipumzika, walilala, waliitwa, walitangulia, na mwalimu mkuu mmoja alipandishwa cheo hadi utukufuni. Sasa fikiria siku ambayo mjane aliketi kando ya fundi aliyekuwapo kabla yangu, akisubiri kitabu cha mumewe, na fundi, akiwa na programu iliyomsumbua, akaandika kwa herufi wazi mbele yake: kill. Mjane aliinuka, akachukua picha ya mumewe, akavuka barabara hadi kwa washindani wetu.

Siku hiyo mwenye duka alipiga marufuku. "Hapa hatuui," alisema. "Hata mashine. Mnitafutie neno lingine."

Fundi yule hakubishana. Mfumo unakuruhusu kuipa amri jina la utani, basi akaipa amri yake jina la pumzisha. Kuanzia hapo, programu ikikataa kazi, unaandika pumzisha na namba yake, nayo inatoweka papo hapo. Mwenye duka alifurahi mpaka akawaonyesha wageni. Fundi akapata kazi kwingine, mimi nikaingia, nikakuta jina hilo likitumika kama kawaida, na kwa miezi mingi sikuona sababu ya kuuliza lilificha nini.

Usidhani mzee yule hakuwa na akili. Siku moja aliona kwenye skrini yangu orodha ya michakato, yaani programu zote zinazotembea kwa wakati huo, na moja ilikuwa imeandikwa zombi, yaani maiti anayetembea. Alishtuka. Nikamweleza kwamba programu moja inaweza kuzaa nyingine, na mtoto akimaliza kazi, mfumo humtumia mzazi ishara: njoo uchukue ripoti ya mtoto wako. Mzazi asipokuja, mtoto ameshakwisha, hafanyi kitu, lakini jina lake linabaki kwenye orodha.

Alifikiri. "Kumbe ni mochari," akasema. "Mwenyewe hayuko, lakini hawezi toka mpaka wa nyumbani waje kutia sahihi."

Sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri zaidi. Kisha akaniagiza niifiche ile orodha wateja wakija.

Mchapaji wetu alikuwa mama wa makamo ambaye watu wake walitoka Mkoa wa Kati, wakahamia Illasit, chini ya Mlima Kilimanjaro, kulima vitunguu. Alikuwa ameandika wasifu wa watu wengi sana, na alikuwa na uwezo wa kugeuza mlevi kuwa "mpenda watu" bila kuinua kichwa. Wiki ninayokusimulia, aliyefariki alikuwa baba yake.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, Illasit, na magari yangeondoka alfajiri. Ndugu zake walikuwa wamegawana kazi: huyu jeneza, yule hema, yule maji. Wasifu haukujadiliwa. Walimtazama tu. Basi Ijumaa aliketi tangu asubuhi akiandika, na hakutaka tuzungumze naye. Mchana akachanganua picha ya baba yake kwa skana, ile ya pekee ambayo mzee alikubali kuvua kofia, akaiingiza juu ya ukurasa. Picha ilikuwa kubwa kupita kiasi. Programu ikaanza kuipigia hesabu, ikazama huko, haikurudi.

"Fundi," aliniita. "Imenigandia."

Mwenye duka alifika kabla yangu, akaanza kubonyeza Control na C kwa nguvu, tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwa mdaiwa. Hiyo pia ni ishara, ya kuomba programu ikatize, lakini kwenye dirisha la kuandikia amri tu. Kwenye programu ya kuchapa kama hii yetu, vitufe hivyo ni vya kunakili maneno. Tena hata ingekuwa ishara, kubonyeza mara nyingi kusingesaidia: ishara za aina moja zikirundikana mlangoni kabla ya kufunguliwa, zinahesabiwa kuwa moja.

"Umehifadhi?" nikamuuliza mchapaji.

"Sijahifadhi."

"Hata kidogo?"

Akapunguza sauti. "Ukihifadhi inataka jina la faili. Na hapa sheria ni tuanze na marehemu, halafu jina. Nikasema nitaandika baadaye." Akaitazama skrini. "Nimekuwa nikisema baadaye tangu asubuhi."

Kwa hiyo kila alichoandika kilikuwa ndani ya kumbukumbu ya ile programu, na kwingine kokote hakikuwapo. Programu ikiondoka vibaya, inaondoka nacho.

"Utaandika tena," mwenye duka akasema kwa upole. "Si uko nayo kichwani?"

"Mzee, hiyo maneno imetoka mara moja. Siwezi itoa tena leo."

Palikuwa na mteja amekaa kwenye benchi, Mmaasai kutoka Ewuaso Kedong, amekuja kuchukua kadi za harusi ya dada yake. Alikuwa ametusalimia "Sopa" alipoingia, tukamjibu "Epa", na tangu hapo alikuwa akitufuatilia kama anayeangalia mpira.

"Sisi ng'ombe akilala hivi," akasema, "tunaita mwenye kisu. Hatuiti mzee wa kanisa."

"Nyamaza, ndugu yangu, watu wamefiwa," mwenye duka akamjibu. Kisha akanigeukia. "Fundi, ipumzishe basi. Tuanze upya."

Nikakaa kwenye skrini ya pili, maana kompyuta ni ileile. Nikatafuta namba ya mchakato wa mchapaji kwenye orodha. Nikaandika pumzisha, nikaandika namba. Kidole kilikuwa juu ya Enter.

"Inapumzika namna gani?" mchapaji akauliza.

"Namna gani vipi?" mwenye duka akasema. "Kupumzika ni kupumzika, mama."

"La, mzee. Mimi ndiye huandika hizi maneno. Mtu akiniletea karatasi imeandikwa 'alipumzika kwa amani', lazima niulize. Nusu yao wamegongwa na lori."

Mteja akacheka mpaka akashika goti. Mimi nikaondoa kidole kwenye Enter. Nikafuta nilichoandika, nikaiambia mashine initajie majina yote ya utani inayoyajua na maana yake. Ikanitajia. Pumzisha, ikasema, ni kill, halafu kistari, halafu tisa.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penyewe. Programu ikiguswa na ishara, kwa kawaida ina nafasi ya kujibu. Inaweza kupuuza. Inaweza kuwa imeandikiwa mapema cha kufanya: ukisikia hivi, funga mafaili, okoa kazi ya mtu, kisha uondoke. Isipokuwa na mpango wowote, mfumo unaifanyia yaliyozoeleka, na mara nyingi yaliyozoeleka ni kuikomesha. Lakini ziko ishara mbili zisizosikiliza mtu. Moja ni ya kuisimamisha pale pale ilipo. Nyingine ni ya tisa. Ya tisa haibishi hodi. Programu haipewi hata habari. Inaondolewa ilivyo, mdomo wazi, na kila kilichokuwa mkononi mwake kinaanguka. Kwa yule mama, ingekuwa sawa na stima kupotea na mashine kuzimika.

Na kill yenyewe, ikiandikwa peke yake bila namba ya ishara, haitumi tisa. Inatuma ya kumi na tano, ambayo ni ombi: tafadhali maliza, funga vyako, uende. Kwa muda wote huo neno la ukatili lilikuwa limebeba adabu, na lile neno la kanisani lilikuwa ndilo lori.

Niliwaeleza hivyo, polepole, kama ninavyokueleza wewe. Mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hivyo unataka kuandika lile neno. Juu ya kitabu cha baba yake. Na yeye amekaa hapa."

"Ndiyo, mzee."

"Hakuna ingine inaitwa tuma salamu?"

"Hakuna."

"Andika, fundi," mchapaji akasema. "Baba aliitwa majina mabaya kuliko hiyo na wenye mbuzi aliowafukuza shambani, na hakuna siku alikosa usingizi."

Mwenye duka akageuka akatazama kalenda ukutani, ili jambo lifanyike bila yeye kuliona. Nikaandika kill, nafasi, namba. Nikabonyeza.

Hakuna kilichotokea.

Skrini ya mchapaji ilibaki vilevile, picha ya baba yake nusu imechorwa, kofia iko kando ya paja. Mashine ikinguruma.

"Amekataa kufa," mteja akasema.

"Usiseme kufa!" mwenye duka akafoka kwa kalenda. Kisha, bila kugeuka, "Fundi, ongeza ile tisa. Tisa haikatai."

Nakiri mkono ulitaka. Wengi wetu tuko hivyo. Tunaomba kwa adabu, tunahesabu pumzi moja, tunachukua rungu. Lakini mashine ilikuwa imelemewa na picha ile, na programu iliyoguswa begani nayo inahitaji muda wa kufunga mizigo.

"Ngoja," mchapaji akasema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Umesema inafunga vitu vyake. Wacha ifunge."

Tukangoja. Mteja naye akaacha mzaha, akasimama nyuma yetu. Mwishowe dirisha la programu likafifia, likaondoka, na ngurumo ya mashine ikashuka. Nikatafuta kwenye folda yake. Palikuwa na faili jipya ambalo hakuna mtu aliyelipa jina. Programu yenyewe ilikuwa imelibandika herufi ovyo za dharura kabla ya kwenda. Nikalifungua.

Picha haikuwamo. Maneno yalikuwamo. Mchapaji akasogea, akasoma kwa sauti ndogo, akiruka hapa na pale kuhakikisha: mfereji wa maji aliouchimba kutoka juu mlimani, ugomvi wake na mbuzi za watu, kwamba kila asubuhi alimsalimia punda wake kabla ya watoto wake, na watoto waliona wivu mpaka walipokuwa wakubwa.

"Hiyo ya punda utaichapa?" mwenye duka akauliza, sasa amegeuka. "Mbele ya askofu?"

"Ndiyo, mzee. Na pale mwanzo nimeandika alikufa. Alikufa Jumapili, kifua. Siitaki ile nyingine."

Mwenye duka akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akaenda mwenyewe kuichanganua ile picha upya, ndogo, akaileta. Jioni kabla duka halijafungwa vijitabu vilikuwa vimekunjwa kwenye katoni, na yeye ndiye aliyeibeba hadi kwenye gari, akiimba.

Wiki iliyofuata alituita tukaomba, kisha akatangaza sheria mpya. Neno kill litaandikwa, lakini halitatamkwa. Ile pumzisha ifutwe, kwa kuwa ilikuwa imesema uongo ndani ya nyumba ya Mkristo. Nikaifuta mbele yake. Aliniomba nimwonyeshe orodha ya majina ya utani, ahakikishe kweli imekwenda.

Ninakuachia kazi moja tu. Programu ikikugandia, tafuta namba yake kwenye orodha ya michakato, andika kill, acha nafasi, andika namba hiyo peke yake, bonyeza Enter, kisha utoe mikono kwenye kibodi na usubiri.